KCMC Moshi: nenda na karatasi zako zote

KCMC (Kilimanjaro Christian Medical Centre) ilifunguliwa mwaka 1971 na ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini. Mgonjwa wa bima anayekwenda moja kwa moja bila barua ya rufaa kutoka hospitali ya mkoa kama Mawenzi (Kilimanjaro) au Mount Meru (Arusha), au hospitali nyingine ya chini yake anajitafutia kurudishwa au kulipa taslimu, isipokuwa awe wa dharura. Barua iwe na saini, muhuri, ugonjwa unaoshukiwa na dawa zilizokwisha kutumika. Picha za eksirei au CT zibebwe zenyewe, si majibu ya maandishi tu. Bingwa hutaka kuziangalia kwa macho yake, na zikikosekana hurudiwa: gharama mpya, mionzi mipya.

Hospitali hii ni darasa pia. Chuo cha udaktari kiko humo humo, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuulizwa na mwanafunzi, kisha intani (daktari mpya aliye kwenye mafunzo kwa vitendo), kisha daktari anayesomea ubingwa, ndipo bingwa. Wengi huchoka na kujibu "nimeshasema". Tafadhali usifanye hivyo. Mwanafunzi ndiye mwenye muda wa kukaa kitandani pako, na mara nyingi ni kwake ambapo mzio wa dawa au mitishamba iliyofichwa hutajwa. Usipotaka wanafunzi wawepo, hasa kwenye uchunguzi wa sehemu za siri, ni haki yako. Sema kabla hujavua nguo.

Idara ya ngozi ndiyo tunayoisifu kuliko zote. Kituo chake cha mafunzo, RDTC (Regional Dermatology Training Centre), kilianza miaka ya 1990 na kimesomesha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika. Hapo ndipo yalipoanza kutengenezwa mafuta ya Kilisun ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Mwenye ualbino asisubiri maumivu: kidonda au gamba lisilopona kwa mwezi mmoja lionwe na daktari, maana saratani ya ngozi ikiwa ndogo hukatwa ikaisha.

Kliniki ya macho, njoo na msindikizaji. Matone ya kupanua mboni huacha ukungu kwa saa kadhaa, usiendeshe gari wala bodaboda. Kipimo cha sukari ya kufunga hutaka ukae kwa muda wa saa 8 bila chakula, maji ruksa. Ultrasaundi ya nyonga (tumbo la chini) kwa kawaida hutaka kibofu kilichojaa, basi usikimbilie choo ukiwa foleni.

Ukiruhusiwa, usitoke bila muhtasari wa matibabu na tarehe ya kliniki. Hospitali ya nyumbani itaendelea kukutibu kwa karatasi hiyo.