HOWO 371 kama kamyo ya kujifunzia Lubumbashi: inachofundisha na inachoficha

Anayetafuta mafunzo ya kamyo Lubumbashi kwa kawaida huishia kwenye kiti cha HOWO 371, ile tipa ya matairi kumi ya Sinotruk, iwe amejiandikisha kwenye shule ya udereva au amepatana na shofere wa kumfundisha. Ndiyo inayobeba mchanga na kokoto mjini, ndiyo inayopanga foleni kwenye barabara ya Likasi na Kolwezi, na huenda ndiyo patroni atakayokukabidhi siku ya kwanza ya kazi. Kwa hiyo hapa hatuipimi kama chombo cha biashara. Tunaipima kama chombo cha kumfundishia mtu asiyejua gia za mkono wala injini ya mazuti (dizeli).

Injini ndiyo inayoipa alama nyingi. Ni WD615.47, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 9.726, yenye tabo na intakula (kipoza hewa inayoingia injini), nguvu za farasi 371 kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Watu hutaja hizo farasi, lakini mwanafunzi anapaswa kushika namba nyingine: nguvu ya kuvuta ya nyutoni-mita 1,500, inayopatikana kati ya mizunguko 1,100 na 1,600. Yaani kamyo hii haina haja ya kupiga kelele ili itembee. Aliyezoea gari dogo la petroli hukanyaga mafuta kwanza ndipo aachie klachi. Kwenye HOWO tupu, uwanja ukiwa tambarare, weka gia ya pili, achia klachi polepole bila kugusa mafuta kabisa, na tani zake 12 hivi zitaondoka zenyewe. Mwalimu anayeijua kazi yake atakurudisha kwenye zoezi hilo mpaka mguu wa kushoto ujue pale klachi inaposhika, huku wa kulia umekaa sakafuni. Mwalimu anayesema “ongeza mafuta isizime” anakufundisha kuunguza diski.

Gia ya kwanza ina uwiano wa 14.28. Kwa kamyo yenye difu (gia za ekseli ya nyuma) ya uwiano wa 5.73 na matairi ya 12.00R20, injini ikiwa kwenye mizunguko 600, hiyo ni kama kilomita 1.5 kwa saa. Mtembea kwa miguu anakupita bila haraka. Ni gia ya kuondokea na mzigo au kutokea kwenye tope. Kamyo ikiwa tupu, ondokea ya pili, au ya tatu barabara ikiteremka kidogo.

Sasa giaboksi, na hapa lazima tukae kidogo. Nyingi utakazokuta zina HW19710: gia kumi za mbele, mbili za nyuma. Mkono wa gia una nafasi tano tu za mbele, nazo hutumika mara mbili: kwanza kwa gia nzito, ya 1 hadi ya 5, kisha, ukigeuza kitufe cha hewa kilicho kwenye kirungu cha mkono huo, kwa gia nyepesi, ya 6 hadi ya 10. Nafasi ya kwanza ndiyo hiyohiyo ya sita. Zipo kamyo zisizo na kitufe, ambazo mkono husukumwa kando kwa nguvu ili kuvuka upande wa pili, kwa hiyo mchoro wa juu ya kirungu usomwe kabla ya kuwasha. Kama umefutika, mwalimu auchore kwenye karatasi.

Uzuri wa giaboksi hii kwa mwanafunzi ni kwamba tofauti kati ya gia moja na inayofuata ni karibu ileile kote, yaani 1.34. Ukipandisha gia kwenye mizunguko 1,500, utatua kwenye 1,120 hivi, palepale nguvu inapoanzia. Ukipandisha kwenye 1,300, utatua karibu na 970, na kamyo yenye mzigo itatetemeka mwili mzima huku moshi mweusi ukitoka. Mlimani ukiwa umebeba, subiri ifike 1,800 ndipo upandishe, utue kwenye 1,340. Hesabu hii moja inatosha gia zote kumi, na anayeishika hahitaji kukodolea macho saa ya mizunguko baada ya muda, sikio linajua.

Kasoro iko kati ya 5 na 6. Mpangilio sahihi ni huu: ukiwa bado ndani ya gia ya tano, geuza kitufe kwenda juu. Hakuna kitakachotokea, hewa inasubiri. Kanyaga klachi, toa mkono mpaka nyutro, tulia kidogo usikie hewa ikifanya kazi nyuma ya giaboksi, kisha ingiza nafasi ya kwanza, ambayo sasa ni ya sita. Mwanafunzi mwenye haraka hugeuza kitufe mkono ukiwa tayari nyutro na kusukuma papo hapo. Hewa ikiwa haijamaliza kuhamisha, au presha ikiwa imeshuka, unaweza kujikuta unalazimisha gia ya kwanza kwenye mwendo wa ya tano. Bahati ikiwa upande wako, gia itakataa kwa kelele. Isipokuwa upande wako, utaachia klachi na matairi ya nyuma yatabana, na kinachofuata ni bili ya garaji.

Kushuka kutoka 6 kwenda 5 ndiko kunakovunja zaidi. Kwa difu hiyo ya 5.73, gia ya tano kwenye mizunguko 2,200 inafika kilomita 18 tu kwa saa. Ya sita inafika 24. Basi anayeshusha kwenda ya tano akiwa kwenye kilomita 25 anaiamuru injini izunguke zaidi ya 3,000, na haikutengenezwa kwa hilo. Punguza kwa breki hadi 15, ndipo ugeuze kitufe na kushusha. Tungependa namba hiyo ibandikwe kwenye dashibodi ya kila kamyo ya kufundishia. Kama ya kwako ina difu nyingine, mwalimu akupe namba yake; akikosa kuijua, umejifunza jambo kuhusu mwalimu.

Kinachofichwa na HOWO ni hiki. HW19710 ina sinkronaiza, vifaa vinavyosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, hivyo inasamehe. Ukikosea mizunguko kidogo, gia inaingia tu, na mwanafunzi anaamini amejua. Siku atakapopewa kamyo yenye giaboksi ya Fuller isiyo na sinkronaiza, kama RT11509C ambayo iko pia kwenye HOWO nyingine, atasaga meno mpaka mwenye kamyo amteremshe. Dai kufundishwa klachi mbili hata kama giaboksi ya mafunzo haiihitaji. Kupanda: kanyaga, nyutro, achia, mizunguko ishuke, kanyaga tena, ingiza. Kushusha: kanyaga, nyutro, achia, gusa mafuta mizunguko ipande kwa theluthi moja hivi, kanyaga, ingiza. Hiyo theluthi ni ileile 1.34 ya juu. Shule nyingi huliruka zoezi hili kwa kuwa linakula muda.

Jambo lingine la klachi: kamyo ikiwa imesimama, baada ya kukanyaga mpaka chini subiri sekunde tatu au nne ndipo uingize gia ya kwanza au ya nyuma, ili gia za ndani zipungue mwendo. Ikisaga hata baada ya kusubiri, klachi haiachii vizuri: ama kuna hewa kwenye mfumo wake wa mafuta, ama silinda ya chini ya klachi inavuja. Hilo halitibiwi kwa kusukuma mkono kwa nguvu.

Breki ni za hewa, na anayetoka kwenye gari dogo huziona kali mno siku ya kwanza. Kamyo tupu ikikanyagwa ghafla inarukaruka nyuma na matairi yanateleza, hasa kwenye vumbi jekundu la barabara za pembeni za Ruashi wakati wa kiangazi. Kanyaga kidogo, shikilia, ongeza. Usipampu: kila kupampu kunatoa hewa nje, na hewa ndiyo pia inayobadilisha upande wa gia na kusaidia klachi. Asubuhi, usiondoke kabla mishale yote miwili ya presha ya hewa haijavuka baa 6, na ikifika karibu na 8 utasikia valvu ikipumua. Breki ya kuegesha inashikwa na springi na kuachiwa na hewa, kwa hiyo kamyo isiyo na presha haitoki. Kuna wanaojaribu kuilazimisha kwa gia ya kwanza. Wanachokipata ni klachi inayonuka.

Kwenye mteremko, kamyo inafundisha vizuri ikiwa breki ya ekzosi, ile inayoziba njia ya moshi ili injini ishikilie mwendo, inafanya kazi. Kwenye nyingi ni kitufe cha mguu sakafuni, kushoto kwa klachi. Inashika zaidi mizunguko ikiwa juu, kati ya 1,800 na 2,200, hivyo gia ichaguliwe kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Vilima vya kuingia Likasi vinatosha kwa somo hili. Kushuka ukiwa nyutro ili kuokoa mazuti ni tabia iliyozoeleka kwa mashofere wengi, na mwalimu akikuonyesha hilo, badilisha mwalimu: injini haishiki tena, breki zinachemka, na gia huipati tena mwendo ukishazidi.

Kabla ya kulipa, ikague kamyo yenyewe, kwa sababu za kufundishia mara nyingi ni zile zilizochoka kazini. Iegeshe, vuta breki ya mkono, kanyaga na ya mguu, weka gia ya juu, injini kwenye mizunguko 1,000 hivi, kisha achia klachi. Injini lazima izime mara moja. Ikiendelea kuzunguka, diski imekwisha, na hapo hutajifunza pale klachi inaposhika kwa kuwa haishiki popote. Zima injini presha ikiwa imejaa, angalia mshale kwa dakika chache: ukishuka waziwazi, hewa inavuja. Fungua vali ya chini ya tangi la hewa. Itoke hewa, si maji na mafuta. Tikisa mkono wa gia ukiwa umeingizwa, kisha uliza kama unaruka wenyewe mteremkoni, na mtazame mwalimu anavyojibu. Hatimaye chungulia kama kuna maji kwenye chujio la mazuti. Msimu wa mvua, Novemba hadi Machi, maji kwenye mazuti ya rejareja si jambo geni, na mwanafunzi afundishwe kuyatoa, pamoja na kupampu kwa mkono mafuta yarudi na hewa itoke baada ya tangi kukauka. Ni dakika kumi za kujifunza, na zinakuokoa ukikwama katikati ya njia.

Kuhusu kabini hatuna mengi. Kiti cha dereva ni cha kuridhisha, joto ni kali, kelele ipo. Vioo vya pembeni ni vikubwa lakini upande wa kulia, chini ya mlango, kuna sehemu usiyoona kabisa, na taksi-moto hupenda kujibana hapohapo kwenye makutano. Ukikata kulia, tazama kioo mara mbili.

Ukilinganisha na vingine vinavyopatikana mjini: Fuso Canter ni rahisi kukodi, lakini ni nyepesi mno, na haikupi mpangilio wa gia nzito na nyepesi. Actros nyingi za zamani zina EPS, ambayo kompyuta ndiyo inayohamisha gia, na Volvo yenye I-Shift haina hata kanyagio la klachi. Ni kamyo nzuri za kazi, mbaya za kujifunzia gia za mkono. HOWO inashinda kwa jambo hilo, na vipuri vyake vinapatikana Lubumbashi, kwa hiyo masomo hayasimami wiki mbili kwa sababu ya bomba la hewa. Angalia tu diski ya klachi ya bei ya chini kupita kiasi. Inashika kwa kushtuka na inamharibu mwanafunzi mguu.

Tunaipendekeza, kwa sharti moja la kuandikwa kwenye makubaliano: angalau theluthi ya saa zako ziwe na mzigo, tani 10 hadi 15 za mchanga. Shule hupenda kufundisha kwa kamyo tupu kwa kuwa inakunywa mazuti kidogo, lakini kamyo tupu na iliyobeba ni wanyama wawili tofauti, na kuondoka mlimani na mzigo ndilo jaribio ambalo waajiri hukupa kwanza. Vuta breki ya mkono, ingiza ya kwanza, achia klachi mpaka injini ishuke mizunguko kidogo na kabini inyanyuke pua, ndipo uachie breki, mafuta yafuate. Ikirudi nyuma, usiongeze mafuta: kanyaga breki, anza upya.

Na kama lengo lako ni trela za kuvuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia, HOWO ya hapa ina usukani wa kushoto, nasi Kongo tunatembea kulia. Zambia na Tanzania wanatembea kushoto, na vichwa vingi vya trela zinazotoka huko vina usukani wa kulia, mkono wa gia ukiwa upande wa kushoto wa dereva. Nunua saa chache za ziada kwenye kichwa cha namna hiyo kabla ya kuomba kazi ya safari.