Malewa ya mama asiyesema, Birere

Jameni kama uko Goma na kichwa inakuuma juu ya klaksoni za moto (pikipiki) na mabafle (spika) ya maduka, ingia kwa malewa (mgahawa mdogo) ya ule mama anapikaka ndani ndani ya mtaa wa Birere, hana hata kibao mlangoni. Muziki hakuna, redio hakuna, mama mwenyewe hasemi, anakuangalia tu halafu sahani inakuja: fufu ya muhogo, sombe (majani ya muhogo), na sambaza, vile visamaki vidogo vya Ziwa Kivu, zimekaangwa mpaka zinavunjika kwa meno krak! 5000 franka. Siku ya kwanza nilifikiri amenikasirikia, kumbe ndiyo tabia yake. (Pilipili ndiyo inaongea kwa niaba yake.)

Juzi kijana mmoja akabisha eti alishalipa, mama hakujibu neno, akasimama pale na kitambaa mkononi akimuangalia, na sisi wote kimya, kijana akaanza kujieleza peke yake, akajieleza tena, mwisho akatoa makuta. Mimi ningepiga makelele na bado asingelipa.

Shida ni moja, sambaza zikiisha hasemi pia. Nilingoja karibu saa nzima nikidhani zinakaangwa, akaniletea maharagi. Nikakula tu, ningemlalamikia namna gani.