Mashine ya boti: sevisi niliyolipia haikufanywa

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mtu akiniuliza leo kama afunge mashine kwenye mtumbwi wake, nitamjibu asifunge. Akiniuliza wiki ijayo huenda nikajibu vingine, maana jambo lenyewe limenichanganya. Ila kuhusu lile duka jibu langu halitabadilika.

Nipo Igombe, Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Mtumbwi ni wa marehemu mume wangu. Miaka yote niliyoishi naye alivua kwa kasia na tanga, nyavu zake za sangara akizitega si mbali, kiasi kwamba ukisimama ufukweni jioni unawaona wanavyotega. Kazi yangu ilikuwa kukaanga na kubanika. Alipofariki watu wakanishauri niuze, eti mwanamke hana shughuli ziwani, na wapo mpaka leo wasiotaka mwanamke aguse hata wavu. Sikuuza. Niliuza ng'ombe wawili, nikaongeza pesa ya kikoba, nikamwita fundi wa boti akaukata mtumbwi nyuma na kuweka ubao mnene wa kushikia mashine. Kisha nikaenda mjini kununua mashine mpya kwenye duka linalosifika.

Siku ile walinipokea kama malkia, kiti na soda juu. Mzee mmoja fundi, ambaye siku hizi simwoni pale, alinifundisha mwenyewe kuchanganya oili na petroli: nusu lita kwa dumu la lita 25, usizidishe, usipunguze. Akanionyesha na kile kitundu kinachotoa nyuma maji ya kupoza mashine. Akasema, "Mama, mashine isipokojoa, zima. Usibishane nayo." Nimelishika neno hilo, na mafuta nachanganya kwa mkono wangu mpaka leo. Wavuvi wangu hawagusi oili. Kumbukeni hilo, litakuja mbele.

Miezi ya mwanzo ilikuwa furaha tupu. Kwa kasia tulizoea kilo 20 au 30 kwa usiku, na upepo ukikataa hawatoki kabisa. Mashine ilipoingia wakaanza kwenda kwenye maji ya kina upande wa Ukerewe, ambako kwa kasia ungefika umechoka huwezi hata kutega. Tukaona usiku wa kilo 80, na siku moja ukapita mia. Wavuvi wakaanza kuniita tajiri. Nililia siku ile, peke yangu, kwa sababu mwenye mtumbwi hakuwepo kuona.

Kitu ambacho wauza mashine hawakielezi vizuri, nacho ndicho nilichofaidi zaidi, ni muda. Samaki yuleyule anayefika mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, jua likiwa halijapanda si sawa na anayefika saa tano amelala kwenye maji ya vuguvugu chini ya boti. Wakala wa kiwanda anafunua mashavu, anabonyeza kwa kidole, na hapo hapo bei yako imeamuliwa. Akimkataa, samaki huyo anakwenda kwa wapiga chumvi wa kayabo, yaani samaki wa kukausha, au anarudi kwenye kikaango changu, na pesa inakuwa nyingine kabisa. Enzi za kasia tulipoteza hivyo mara nyingi kuliko tulivyopoteza kwa kukosa samaki. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mashine imemwongezea kipato, muulize kama ni kilo zimeongezeka au ni samaki aliyekuwa anaoza ndiye sasa anauzika. Kwangu ilikuwa vyote viwili, na nusu ya pili ndiyo ilinilisha.

Sasa nije kwenye balaa.

Mashine ilipofikisha kama mwaka niliipeleka kwenye sevisi dukani kwao, sikutaka fundi wa mtaani. Wakanipigia hesabu: plagi, oili ya gia, kusafisha kabureta, na kubadilisha impela ya pampu ya maji, kile kipande cha raba chenye mabawa kinachosukuma maji ya kupoza mashine. Impela ndiyo iliyokuwa na bei kubwa, wakaniambia ni orijino. Nikalipa yote, risiti imeandikwa kila kitu.

Haikupita miezi miwili. Ulikuwa msimu wa upepo wa kusi, ule unaolisukuma ziwa kama linafukuzwa. Boti ilitoka jioni na watu watatu, nahodha ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Wakategua alfajiri, samaki wengi, wakawasha kurudi. Kurudi Igombe kutoka kule upepo huo unakupiga usoni, kwa hiyo mashine inabeba mzigo wote. Shemeji anasema aligeuka kutazama nyuma akaona maji hayatoki. Akazima papo hapo kama nilivyomfundisha, akachungulia kama kuna magugu maji au nailoni imeziba. Safi. Wakasubiri ipoe, wakawasha, ikatoa maji kidogo, ikaacha. Akazima tena. Mara ya tatu mawimbi yalishaanza kuingia ndani, akaamua aitumie hivyo hivyo wasizame. Ikaenda kidogo, ikalia kama chuma kinachosagwa, ikanoki.

Kasia ndani zilikuwa mbili. Mbili! Wakati wa mume wangu hazikupungua nne. Tulizipunguza wenyewe kwa kuiamini mashine. Boti yenye nyavu na samaki na mashine iliyokufa, kasia mbili, upepo usoni, kwenye ziwa lenye zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Simu hazishiki kule. Walipiga kasia mpaka viganja vikachunika, na bado walikuwa wanarudishwa nyuma. Samaki wakaanza kunuka mchana, wakamwaga karibu wote ili boti iwe nyepesi. Usiku ukaingia.

Mimi nilikuwa ufukweni na wake wa wale wawili. Siwezi kuelezea usiku ule na sitajaribu. Boti ya dagaa iliyokuwa inarudi kabla ya kupambazuka iliwakuta, ikawavuta mpaka nyumbani. Mwenye boti ile alikataa malipo, akapokea petroli tu. Mungu ambariki yeye na kizazi chake.

Fundi wetu wa hapa mwaloni akaja kuitazama. Kabla hajagusa spana akaniita, "Mama, njoo uone mwenyewe." Ili uibadilishe impela lazima uishushe sehemu yote ya chini ya mashine. Akanionyesha zile bolti: rangi ya kiwandani ilikuwa bado imezunguka vichwa vyake, nzima, haijapasuka hata moja. Hakuna spana iliyowahi kuzigusa tangu mashine itoke kiwandani. Tukapiga picha kwa simu. Ndipo akafungua. Impela iliyokuwa ndani ilikuwa ileile ya kwanza, raba imekauka ngumu, mabawa matatu yamekatika. Nililipia impela ambayo haikuwekwa, na watu watatu nusura wafe kwa ajili yake.

Nikapakia mashine kwenye guta, nikaenda dukani. Kijana wa kaunta hakuniamkia. Mimi nina wajukuu. Alinitazama, akatazama mashine, akauliza, "Mwenye mashine yuko wapi?"

"Mimi."

"Nauliza mzee mwenyewe, anayejua mambo ya boti."

"Mzee ni marehemu. Mashine nimeinunua hapa kwa jina langu, na risiti ya sevisi ni hii."

Hakusema hata pole. Akasema, "Basi mlete nahodha. Hao wavuvi wenu wanachanganya oili kwa macho, mashine inanoki, halafu mnakuja kusumbua watu. Kama mashine imewashinda rudini kwenye kasia."

Oili ninaichanganya mimi! Kwa kipimo, kwa chupa ileile niliyoonyeshwa kwenye duka hilo hilo! Nikamwonyesha picha za bolti. Akasema picha si ushahidi, na kwamba kwa kuwa tumeifungua wenyewe, waranti imekufa. Nikaomba kumwona mkubwa wake, nikaambiwa amesafiri. Nilikaa kwenye kiti, kiti kilekile cha soda, mpaka wakafunga duka. Mkubwa hakutokea. Nilirudi mara mbili baadaye, na mara zote alikuwa amesafiri.

Fundi wa mwaloni aliifufua kwa pistoni na ringi mpya na impela niliyoinunua kwingine, nikaishika kwa mkono wangu na kumtazama akiipachika. Iligharimu karibu nusu ya bei niliyonunulia mashine. Kikoba wananidai.

Na hapo ndipo nilipoanza kufikiri upya habari nzima, maana kwa wiki zile boti ilipokaa nchi kavu nilipata muda wa kupiga hesabu ambazo nilikuwa nazikwepa. Kilo 80 zile za mwanzo hazikudumu. Tulianza kwenda mbali, na wenzetu nao wakafunga mashine, wakaja palepale. Siku hizi usiku ukirudi na kilo 40 unashukuru, na umeenda mbali kuliko mwaka ule. Wadogo ndio wengi. Sheria inataka sangara asipungue sentimita 50, na mimi nimewaambia wangu mdogo arudishwe, lakini nimeona kwa macho yangu samaki wanaoshushwa mwaloni usiku. Wazee hapa wanasema sangara mwenyewe ni mgeni, aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na kabla yake mtu alikula furu na ngege wa ukingoni bila kwenda kokote. Huyu mgeni ndiye aliyetuvuta kwenye maji ya kina, na sasa tunamfuata huko kwa petroli.

Mashine haivui samaki. Wanaovua ni nyavu, mashine inakupeleka tu. Lakini ukishaifunga huwezi kwenda mbali na nyavu 25 za mume wangu, petroli itakula kila kitu, kwa hiyo unaongeza. Mimi nimefika 60. Nyavu zinataka pesa, zinaibiwa, zinachanika, unanunua nyingine kwa deni. Na mgao wetu huku unajulikana: mafuta yanatolewa kwanza, kinachobaki ndicho boti na wavuvi tunagawana. Enzi za kasia usiku mbaya uliwachosha mikono, basi. Siku hizi usiku mbaya unaamka na deni la dumu zima, na wavuvi wanakutazama wewe. Shemeji aliniambia siku moja, bila ubaya, kwamba tunapata samaki wengi kuliko kaka yake na yeye anapeleka nyumbani pesa ileile. Sikuwa na jibu.

Basi nirudi kwenye kasia? Nilimwuliza shemeji swali hilo. Alinyamaza, kisha akasema, "Shemeji, ule upande wa karibu hauna kitu tena." Ndiyo hivyo. Na kusema haki, mashine ile ilikuwa inajitahidi. Ilikuwa na raba iliyokufa ndani, na bado ilijaribu kuwarudisha watu wangu nyumbani. Nikiitazama sina chuki nayo. Asubuhi samaki akishuka mbichi, mashavu mekundu, wakala akaandika bei bila kubishana, naipenda kabisa. Kwa hiyo lile jibu langu la mwanzo nalirudisha nusu. Funga, kama una pesa ya nyavu, ya mafuta na ya matengenezo, si ya mashine peke yake. Kama umekopa vyote, usifunge. Na mimi nilikopa.

Lakini duka lile, hapana. Kwenu mnaopeleka mashine kwenye sevisi, simameni palepale mtazame bolti zikifunguliwa, mdai spea ya zamani mkononi kabla hamjalipa, hata wakisema wateja hawaruhusiwi karakana. Mimi yangu ninayo, iko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, mabawa matatu hayapo.

Boti imerudi majini tangu juzi, na kasia nne ndani. Pesa ya sevisi bado naidai. Risiti ninayo, picha ninazo, na Jumatatu nakwenda tena kukaa kwenye kile kiti.