NEET: mgao wa taifa au wa jimbo?

India, ukishafaulu NEET, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari, swali ni moja: utafute nafasi kupitia MCC, kamati ya taifa inayogawa nafasi, au mamlaka ya jimbo lako? Unaruhusiwa kuomba kote kuwili.

Kwa wingi wa nafasi, jimbo linashinda: katika vyuo vingi vya serikali hushika 85%, taifa 15%. Ila jimbo hudai cheti cha ukaazi, na kila jimbo lina masharti yake; Karnataka unashughulika na KEA, Maharashtra na CET Cell. Hicho cheti kitafute mapema, maana foleni ya ofisini haijui tarehe yako ya mwisho.

MCC haikuulizi kwenu wapi, na AIIMS zote, vyuo vya udaktari vya serikali kuu, ziko kwake. Dhamana ya mgao wa 15% ni rupia 10,000 kwa kundi la jumla (wasio na nafasi za upendeleo), inarudishwa. Raundi ya kwanza ukipangiwa chuo usichokitaka, unajitoa bure. Ya pili, dhamana imekwenda. Kwa hiyo usijaze chuo usichoweza kwenda.

Alama za juu na uko tayari kuhama? Anza MCC. Alama za wastani, au nauli ni shida? Jimbo.