Kabati la dawa la kompyuta, na kile kikopo cha mkojo

Mdogo wangu mmoja wa kwetu Tanga, nesi, yuko kwenye mipango ya kuja kufanya kazi huku Marekani, juzijuzi kaniuliza, "Dada, yale makabati ya dawa ya kompyuta yakoje? Nasikia mtu huhangaiki tena na famasi." Nikaanza kumjibu kwa sauti kwenye simu nikajikuta napiga kelele peke yangu jikoni, kwa hiyo naandika. Nimeyatumia karibu miaka mitano, Texas, wodi ya mifupa, naiti. Siongei ya kusikia.

Kwa asiyejua: daktari akishaandika dawa na mfamasia akaipitisha, inatokea chini ya jina la mgonjwa wako kwenye skrini ya kabati palepale wodini. Unaingia kwa alama ya kidole, unachagua mgonjwa, unachagua dawa, droo inafunguka na ndani kinanyanyuka kifuniko kimoja tu, vingine vyote vinabaki vimefungwa. Morfini na jamii yake, zile dawa kali za maumivu, lazima kwanza uhesabu vichupa vilivyopo, uandike namba, ndio uchukue. Hayo ya linabeba dawa aina ngapi na linauzwaje muulizeni muuzaji, mimi nina langu.

Ilikuwa msimu wa baridi, mwaka juzi au ule uliotangulia. Nina bibi wa miaka 80 na kitu, kavunjika nyonga, anasubiri operesheni asubuhi. Saa tisa usiku ile dawa ya jioni imeisha nguvu, akaamka. Hakupiga kelele mwanzoni, alikuwa anauma shuka, kashika chuma cha kitanda mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Nikatoka mbio kabatini. Kidole hakisomi. Mikono yetu sisi imekauka kwa kunawa na spiriti kutwa kucha, nikafuta kidole kwenye sare, nikapuliza, mara ya nne ndio likakubali. Nikachagua morfini. Droo ikatoka kama vidole vitatu hivi, ikagoma. Ikawa inalia ti-ti-ti na skrini inaniambia nifunge nianze upya.

Nikafunga, nikaanza upya, ikagoma palepale. Nikapiga simu famasi. Akapokea kaka mmoja, sauti ya mtu uliyemkatiza usingizi, "Umejaribu kufunga na kufungua?" Nimejaribu. "Jaribu tena." Nimejaribu tena, niko nayo hapa. "Basi usiivute kwa nguvu, ikiharibika ni juu yako." Nikamwambia nina mgonjwa ana maumivu makali, nileteeni dozi moja kwa mkono, akasema yuko peke yake, nisubiri. Wakati huo bibi sasa anasikika mpaka koridoni, mpaka mgonjwa wa chumba cha pili kabonyeza kengele kuniambia kuna mtu analia, kana kwamba sijui!

Dakika 35. Nimeziangalia kwenye saa ya ukutani moja moja. Mara ya saba au ya nane sijui, droo ikafunguka yenyewe. Nikahesabu vichupa, 9. Nikaandika 9. Likasema hesabu tena. Nikahesabu kwa kugusa kimoja kimoja, nikamwita mwenzangu, dada wa Kifilipino, naye akahesabu, 9. Likaandika kwa nyekundu kwamba hesabu haiwiani, likaniruhusu nichukue. Bibi nikampa miligramu 2 kwenye mpira wa dripu, miligramu 2 zilizobaki kwenye kichupa tukazimwaga wote wawili tukiangaliana, na mwenzangu akaweka kidole chake kushuhudia, kama utaratibu ulivyo. Akalala yule mama wa watu. Nikadhani yameisha.

Saa moja na nusu asubuhi, nimeshakabidhi zamu, koti liko mkononi, naitwa ofisini. Inchaji yupo, mfamasia wa asubuhi yupo, na karatasi iko mezani. "Kabati linasema 10." Nikasema nimekuta 9. "Kabati linasema 10." Nikaeleza droo ilivyogoma, nikataja simu niliyopiga, nikataja shahidi. Hakuna aliyeandika hata neno. Nikaulizwa kama nina shida nyumbani. Nikaulizwa kama nasumbuliwa na maumivu ya mgongo. Halafu nikapewa kikopo cha mkojo, wapime kama ile morfini nimeitumia mimi. Mtu mzima, mama wa watoto watatu, nimesimama saa 12 na hata chai sijanywa, nasindikizwa chooni nikakojoe na mlango umeachwa wazi kidogo, wenzangu wa asubuhi wanapita. Nilifika nyumbani mume wangu akaniangalia akauliza nani kafariki.

Siku nne tano baadaye droo ileile ikamgomea mtu wa mchana. Fundi akaja akaichomoa nzima, na nyuma kabisa, kwenye reli, kichupa kimelala. Kimoja. Hicho ndicho kilikuwa kinazuia droo na hicho ndicho kilikuwa cha 10. Pengine kiliruka wakati fulani mtu alipoisukuma kwa nguvu. Na nani aliniambia? Yule dada wa Kifilipino! Inchaji nilipomfuata akasema suala langu limeshafungwa. Pole haikuwepo. Samahani haikuwepo. Na yule wa famasi usiku hakuulizwa chochote ninachokijua mimi.

Hapo ndipo ningewaambia msilitake hilo kabati, ling'olewe. Na wiki ile nilimwambia kila mtu hivyo.

Ila siwezi kudanganya. Nyumbani tulikuwa na kabati la DDA, yaani la dawa kali zinazofungiwa kwa sheria, funguo inatembea mfukoni mwa nesi wa zamu, rejista ya mkono, mnahesabu wawili mnasaini. Usiku mmoja mwenzetu wa jioni aliondoka na funguo, kasahau tu, kachoka, na nina kijana wa ajali ya bodaboda mguu umegeuka. Tulimtuma mlinzi mpaka kwake kwa pikipiki. Ilichukua zaidi ya saa nzima, sio dakika 35. Na kule vichupa vinakaa trei moja, vinafanana, taa inazimika, unasoma kwa tochi. Hili la huku linanifungulia kifuniko kimoja, na kuna siku limekataa kunitolea dozi ya pili kwa sababu mwenzangu alishampa mgonjwa saa moja nyuma na mimi sijaambiwa. Siku ile lilimwokoa mgonjwa na mimi pia. Kwa hilo nalipa haki yake yote.

Kinachoniudhi ni watu kuliamini kuliko mtu aliyesimama mbele yake. Kabati linajua kile mkono wa mtu ulichokiweka na basi. Mwaka 2006 kule Indianapolis waliweka kabatini heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ile ya watu wazima, uniti 10,000 kwa mililita, sehemu ya heparini ya watoto wachanga ya uniti 10. Kabati likafunguka vizuri kabisa, manesi wakachukua mahali wanapochukua siku zote, watoto 3 wakafa. Na Nashville, Desemba 2017, nesi RaDonda Vaught aliandika herufi VE akitafuta Versed, dawa ya kumtuliza mgonjwa, kabati lenyewe lilikuwa linaitambua kwa jina la midazolamu, akatumia ile njia ya dharura ya kuruka mfamasia, ovaraidi tunaita, akatoa vekuronio, dawa ya kupooza misuli. Mama wa miaka 75 akafariki. Vaught alikosea, kuna tahadhari alizipita, sisemi hakukosea. Lakini 2022 alitiwa hatiani mahakamani kama mhalifu, nesi peke yake, na sisi wengine tulikaa kwenye magari yetu kabla ya zamu tunaangalia mikono yetu. Sasa wodini kwetu lazima uandike herufi 5 ndio orodha itokee ukipita ovaraidi. Hizo herufi zingekuwepo mapema je?

Nyota? Kabati 4. Nasema 4, halafu nakumbuka ule mlango wa choo nataka kuandika 1. Basi kabati 4, na hospitali jinsi ilivyolitumia juu yangu haina nyota.

Mdogo wangu, njoo. Utalizoea kwa wiki moja. Paka mafuta mikono kabla ya zamu, kidole kitasoma. Droo ya morfini ukiifungua inama umulike mpaka nyuma kabla hujaandika namba, mimi nafanya hivyo kila usiku na wenzangu wameshazoea kuniona nimepiga magoti. Na siku ikigoma, ita shahidi kabla hujaigusa tena, andika saa uliyopiga simu famasi na uulize jina la aliyepokea. Mimi usiku ule sikuuliza.