Kupima usalama wa chanjo ya tilapia: tangi au bwawa?

Wafugaji wa Nairobi na Kiambu hubishana: chanjo ya sindano ijaribiwe wapi kwanza?

Kwa ushahidi, tangi linashinda. Wanyime samaki chakula saa 24, walaze usingizi kwa maji yenye mafuta ya karafuu, kisha wadunge tumboni: kundi moja chanjo, jingine maji ya chumvi ya hospitali. Bila kundi la pili, kifo kilicholetwa na jeraha la sindano kitasingiziwa chanjo. Kwa siku 21 andika vifo na ulaji, halafu pasua wachache. Chanjo zenye mafuta zinaweza kugandisha matumbo kwenye ukuta wa tumbo, na kwa nje huoni kitu.

Kinachouma ni bili ya stima. Julai maji ya Nairobi hupoa mno, na tilapia aliyezubaa kwa baridi hufanana kabisa na mgonjwa. Weka hita, nyuzi 28.

Bwawa ni nafuu na huonyesha uzito hadi mavuno. Ila korongo akibeba mizoga, hesabu imekwisha. Funika kwa wavu.

Chanjo ngeni kabisa, tangi kwanza. Iliyosajiliwa tayari, bwawa lenye wavu latosha.