Seti ya mashine za chaji: nilichonunua hasa ni betri

Seti niliyoichukua Gerezani, Kariakoo, kwa 430,000 ina drili yenye mtindo wa kugonga, impakti ya kufungia skrubu, grinda ya diski ya inchi nne na nusu, betri mbili za 20V 2Ah (Ah ni ampea-saa), chaja na begi la turubai. Ndani ya begi kuna na kiboksi cha biti na soketi ambacho muuzaji alikisifia kuliko vyote. Mimi ni seremala, natengeneza kabati za jikoni na kufunga milango, na nyumba nyingi ninazoitwa huko Chanika na Kigamboni umeme haujavutwa bado. Kwa kazi hiyo seti imelipa. Ila hesabu aliyonifanyia muuzaji sikuifuata.

Yeye aligawa bei kwa idadi ya mashine: "Fundi, tatu kwa laki nne na thelathini, unataka nini tena?" Mimi nilimwomba bei ya kila kitu kikiuzwa peke yake, dukani humo humo. Drili tupu, yaani bila betri, 110,000, impakti tupu 105,000, grinda tupu 95,000. Betri ya 2Ah 65,000 kila moja, chaja 45,000. Jumla 485,000, kwa hiyo seti imenipunguzia 55,000. Biti na soketi sikuzihesabu kabisa. Biti zenyewe ni laini, zinaliwa kichwa ukikutana na mninga mkavu.

Ukiangalia hiyo orodha, betri mbili na chaja peke yake ni 175,000. Mashine bila betri ni chuma tu, na betri ndiyo inayochoka kwanza. Kwa hiyo ofa ya namna hii naipima kwa umeme uliomo ndani ya betri. Unazidisha volti kwa Ah. Hizi zinazoandikwa 20V zina seli tano zilizofungwa mfululizo, kila moja 3.6V, kwa hiyo volti yake ya kazi ni 18. Ile 20 ni pale zikiwa zimetoka kwenye chaja. (Ndiyo maana DeWalt ile ile inaandikwa 20V Marekani na 18V Ulaya.) 18 mara 2 ni wati-saa 36. Betri zangu mbili: 72.

Sasa zipeleke kazini. Impakti na drili kwa skrubu za kabati hazili sana. Betri moja inanifungia skrubu za kabati zima la ukutani na bawaba zake, nyingine ikiwa kwenye chaja kwa jirani mwenye umeme. Grinda ni habari nyingine. Ikikata chuma inaweza kuvuta wati 600, na wati-saa 36 hapo zinaisha kwa dakika tatu na nusu hivi. Mimi grinda naitumia kukata ncha za bolti na kurekebisha fremu iliyokataa kukaa, sekunde chache kwa mara, inatosha. Fundi wa mageti na grili akinunua seti hii atalia nayo siku ya kwanza.

Duka hilo hilo lilikuwa na seti nyingine ya 420,000: drili na impakti tu, lakini betri mbili za 4Ah. Wengi wanaipita kwa sababu begi linaonekana jepesi kwa vitu. Betri ya 4Ah pale ni 110,000, kwa hiyo kwa rejareja ile ni 480,000, punguzo la 60,000, na unaondoka na wati-saa 144, mara mbili ya zangu. Grinda unaiongeza baadaye ikiwa tupu, betri zinaingia. Kwa mtu anayeanza, naiweka hiyo mbele ya niliyonunua.

Mtaa wa pili wanauza drili na grinda kwa 160,000, na betri imeandikwa 88V, 6Ah, kwa maandishi makubwa mekundu. Duka lile linauza misumari kwa kilo, mizani ipo kaunta, nikaomba betri ipandishwe. Gramu 340. Nikatoa yangu ya 2Ah begini, gramu 360. Seli ndefu nyembamba zinazotumika humu, zile za 18650, moja ina gramu 45 hivi. Tano na ganda lake ndiyo uzito huo. Betri ya kweli ya 4Ah yenye seli kumi inapita gramu 600. Volti 88 zingehitaji seli zaidi ya ishirini. Hazitoshi kwenye ganda lile hata ungezisukuma kwa nyundo. Chaja yake nayo ni kiadapta cha kuchomeka ukutani kama cha simu, unaisubiri nusu ya siku. Yangu inajaza 2Ah kwa saa moja, na pale umeme unapokatika mchana, saa hiyo moja ni kila kitu.

Drili yangu ina kaboni, vile vipande vinavyosugua ndani ya mota na kuisha, siyo brashilesi isiyo navyo, na kwa bei hii sina neno. Kaboni inauzwa kila kona. Mtindo wa kugonga unatoboa tofali la saruji vizuri. Kwenye linta ya zege umesimama tu unapiga kelele, pale panataka mashine ya SDS, ile drili nzito ya nyundo.

Kabla hujalipa, uliza mashine gani nyingine zinaingia betri hiyo. Makita nyingi za 18V zimekaa na mfumo mmoja wa betri, LXT, tangu 2005. Bosch ya buluu na ya kijani, zote 18V, hazipeani betri, na rafu moja inaweza kuwa nazo zote. Angalia pia dhamana inasemaje kuhusu betri: kwenye risiti yangu mashine ina miezi sita, betri mitatu, na nilidai iandikwe kwa mkono mbele yangu.

Kijana ninayefanya naye kazi anakusanya hela ya kununua za kwake. Nimemwambia achukue ile ya betri za 4Ah. Grinda ataazima kwangu.